Wi-fi ya nyumbani ikiyumba, usilipe mara mbili

Mwezi wa kwanza, wiki ya kufungua shule, mama mmoja wa Matisi, Kitale, aliketi sebuleni kwake saa mbili usiku kulipa karo ya mtoto anayesoma upande wa Bungoma. Akaingiza nambari ya Paybill ya shule, nambari ya mwanafunzi, Sh18,000, akaweka PIN. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka tena, halafu skrini ikamwambia: imeshindikana, jaribu tena. Akajaribu tena, kama alivyoambiwa. Safari hii ikakubali. Alipotoka nje kufunga geti, simu ikalia mara mbili mfululizo. SMS mbili, kila moja ya Sh18,000.

Alitupigia asubuhi akiwa na swali moja: "Nani ameniibia, ni nyinyi ama ni wi-fi?"

Hakuna aliyemwibia. Shule iliangalia vitabu vyake ikakubali kuziweka zile pesa za pili kama karo ya muhula unaofuata. Kwa karatasi, kila shilingi iko mahali pake. Lakini kwa mtu anayelima mahindi Trans Nzoia, pesa ya mwezi wa kwanza ina kazi yake. Mvua hungojwa mwezi wa tatu, wa nne, na mbolea hutafutwa kabla ya hapo. Zile Sh18,000 za pili zilikuwa za mbolea. Zikageuka karo ya muhula wa pili, na mama akabaki kuangalia shamba lililolimwa akijiuliza atapanda na nini.

Tunaandika haya kwa sababu simu za namna hii tunazipokea sana kutoka Kitale, Kiminini, Webuye hadi Bungoma mjini, na kwa sababu tuna maoni yetu ambayo pengine hayatawafurahisha wote. Tunaona watu wanatumia pesa nyingi kutibu ugonjwa ambao sio wanaougua. Wi-fi ikisumbua, mtu anapandisha kifurushi. Malipo yakikwama, anabonyeza tena. Hatua zote mbili zinamgharimu, na mara nyingi hakuna hata moja inayogusa tatizo lenyewe.

Ni vizuri tuseme mapema kwamba sisi hupata ada ndogo unapolipia intaneti kupitia kwetu. Ukinunua kifurushi kikubwa hatupotezi kitu. Hata hivyo tunakwambia usikimbilie kukinunua.

Baa nne za wi-fi hazimaanishi una intaneti

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, na si kosa lao. Zile baa za wi-fi kwenye simu zinakuonyesha kitu kimoja tu: simu yako inasikia rauta vizuri kiasi gani. Hazijui kama rauta yenyewe ina intaneti. Unaweza kuwa na baa zote nne huku waya wa nje umekatika tangu asubuhi.

Fikiria safari ya malipo yako. Kwanza ujumbe unatoka kwenye simu kwenda kwa rauta kupitia hewa. Pili, unatoka kwa rauta kwenda kwa kampuni ya intaneti, kwa waya wa faiba ama kwa mnara. Tatu, unatoka kwa kampuni kwenda popote unapotaka kufika, iwe ni Nairobi au ng'ambo. Safari ya ng'ambo hupita kwenye nyaya za chini ya bahari zinazotua Mombasa, kama zile za SEACOM na TEAMS zilizofika mwaka wa 2009. Kila kipande kinaharibika kivyake.

Kipande cha tatu kikiharibika, wewe huna la kufanya. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu baharini upande wa kusini, na Afrika Mashariki nzima ikaanza kwenda kwa mwendo wa konokono. Siku hiyo ungeweza kuzima na kuwasha rauta mara mia na usisaidike. Vivyo hivyo usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima. Siku kama hizo dalili ni rahisi: jirani mwenye kampuni tofauti naye analia.

Lakini siku kama hizo hazitoki kila wiki. Kama wi-fi yako inasumbua kila jioni, kila mtu akiwa sebuleni, na jirani yuko sawa, basi shida iko karibu zaidi. Kwa kusikiliza wateja tumefika mahali pa kuamini kwamba mara nyingi iko ndani ya nyumba, kwenye kile kipande cha kwanza ambacho hakuna kampuni inayokiangalia, kwa sababu fundi akishaunganisha na taa zikawaka, kazi yake imeisha. Ana nyumba zingine za kufikia siku hiyo.

Sasa utajuaje ni kipande gani? Simama na simu yako hatua mbili kutoka kwa rauta, ufungue kitu kilekile kinachokataa ukiwa chumbani. Kikifunguka hapo na chumbani kikakataa, tatizo ni hewa ya nyumba yako. Kikikataa hata hapo, angalia taa. Kwenye vifaa vingi vya faiba kuna taa iliyoandikwa PON na nyingine LOS. PON ikitulia bila kumetameta na LOS ikiwa imezimwa, mwanga unafika. LOS ikiwa nyekundu, mwanga wa faiba haukufikii, na hapo usipoteze muda na mipangilio. Piga simu kwa kampuni yako uwaambie maneno hayo hayo: taa ya LOS ni nyekundu. Utashangaa jinsi mazungumzo yanavyobadilika ukitaja taa badala ya kusema "net imekataa".

Kuna jaribio la tatu ambalo tunalipenda kuliko yote, na ambalo karibu hakuna mtu analifanya. Tafuta laptopu, hata ya kuazima, uiunganishe na rauta kwa waya wa mtandao, ule mnene wenye kichwa kama cha simu za zamani. Kisha pima kasi. Fanya hivyo saa nne asubuhi na urudie saa mbili usiku. Kama kwa waya unapata kile unacholipia, asubuhi na usiku, kampuni yako haina makosa na wi-fi ndiyo mgonjwa. Kama asubuhi ni sawa na usiku inaanguka hata kwa waya, basi mnagawana njia na watu wengi mtaani, na hiyo ni kesi ya kampuni. Kama ni mbaya wakati wote kwa waya, ni kesi ya kampuni pia, na sasa una ushahidi. Andika tarehe, saa na kasi uliyoiona. Omba nambari ya malalamiko. Ukizungushwa bila jibu, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupokea malalamiko ya wateja ambao tayari wamelalamika kwa kampuni yao na hawakusaidika. Lakini lazima uwe umeanzia kwa kampuni.

Nyumba zetu na mawimbi

Rauta nyingi tunazosikia habari zake zinakaa mahali pamoja: nyuma ya televisheni, chini kwenye kona, kando ya dirisha lenye vyuma. Sababu ni kwamba waya uliingilia hapo. Fundi alitoboa ukuta palipokuwa karibu na mlingoti, akaweka kifaa hapo hapo, akaenda. Miaka mitatu baadaye bado iko hapo, imefunikwa kitambaa cha kushona ili isiharibu sura ya sebule.

Mawimbi ya wi-fi yanachukia chuma. Mabati yanayarudisha, jokofu linayarudisha, tangi la maji na kioo kikubwa vilevile. Ukuta mnene wa matofali ya kuchoma unayanyonya, na maji nayo yanayanyonya. Nyumba nyingi za Bungoma na Kitale zina vyote hivyo: kuta za matofali, jiko la mabati kando, duka dogo getini. Rauta ikiwa kona ya sebule, nusu ya nguvu zake inaenda barabarani kwa wapita njia, na chumba cha nyuma kinapata mabaki.

Iinue. Iweke juu ya kabati ama kwenye rafu, katikati ya nyumba iwezekanavyo, hata kama ni kwenye kikorido na haipendezi. Iondoe nyuma ya televisheni. Kama waya wa faiba haufiki, mwombe fundi wa kampuni auongeze urefu. Usiuvute mwenyewe. Ule waya mwembamba una kioo ndani, na ukiukunja kwa pembe kali mwanga unavuja pale pale kwenye kona. Tumesikia za watu ambao "intaneti iliharibika" siku waliyosogeza kochi. Na ukiuona umechomoka usichungulie ndani. Ule mwanga huoni kwa macho lakini unaweza kukuumiza.

Rauta nyingi za siku hizi hutoa wi-fi ya aina mbili, ya 2.4 na ya 5, na majina yao huonekana tofauti kwenye simu. Ile ya 5 ina kasi lakini haipendi kuta. Ile ya 2.4 inafika mbali lakini ni ya polepole, na ndiyo yenye msongamano. Kama televisheni iko chumba kimoja na rauta, iweke kwenye 5. Simu ya mama aliye jikoni ikae kwenye 2.4. Watu wa ploti wana shida nyingine: nyumba kumi na mbili, rauta kumi na mbili, zote zinapiga kelele kwenye njia moja. Kwenye 2.4 kuna njia tatu tu zisizogongana, nambari 1, 6 na 11. Ukiweza kuingia kwenye mipangilio, jaribu moja baada ya nyingine kwa siku moja moja uone ipi imetulia. Ukishindwa, mwite kijana wa shule aliye nyumbani. Hatusemi kwa mzaha.

Kama unatumia rauta ya laini ya simu, sio faiba, sahau tulichosema kuhusu katikati ya nyumba. Hiyo inahitaji kuona mnara. Ukiwa Kapsokwony ama popote kwenye miteremko ya Elgon, kilima kimoja tu katikati yako na mnara kinatosha kukuharibia siku. Izungushe kwenye madirisha, dirisha moja baada ya jingine, uangalie taa ya mawimbi, na uiache pale inapofanya vizuri. Sisi tunamjua mwalimu mmoja ambaye rauta yake inakaa dirisha la bafu. Inafanya kazi.

Halafu kuna stima. Huku kwetu inaweza kupotea kwa sekunde tatu na kurudi, na wewe hata hujatambua kwa sababu taa ilipepesa tu. Rauta imetambua. Imezima, imewaka, na inachukua dakika mbili tatu kujipanga upya. Ukiona wi-fi "inapotea yenyewe" mara kadhaa kwa siku, ichunguze kwanza soketi na ile adapta, na uangalie kama kila kukatika kunafuatana na taa kupepesa. Kuna vibetri vidogo vya akiba vinavyotengenezewa rauta. Rauta nyingi hutumia volti 12, lakini soma kibandiko chini ya kifaa chako kabla ya kununua. Kwa maoni yetu kibetri cha namna hiyo ni matumizi bora kuliko kupandisha kifurushi, kwa nyumba nyingi za hapa.

Na mvua ya radi ikianza, ile ya alasiri inayokuja kutoka upande wa ziwa, chomoa rauta ukutani. Faiba ni kioo, haipitishi umeme, lakini waya wa stima unaoilisha rauta unapitisha. Kuchomoa ni bure.

Kwa nini kifurushi kikubwa hakitaokoa malipo yako

Mama wa Matisi, baada ya mkasa wa karo, alifanya kile ambacho wengi hufanya. Alipandisha kifurushi. Aliambiwa na mtu kwamba kile cha kwanza "kilikuwa kidogo sana kwa malipo".

Hili tunalipinga kabisa. Kasi ya intaneti hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, na megabiti nane ndizo hufanya megabaiti moja. Kifurushi cha megabiti 10 kinaweza kushusha zaidi kidogo ya megabaiti moja kila sekunde. Malipo ya karo ni ujumbe mdogo mno, mdogo kuliko picha moja ya harusi uliyotumiwa kwenye WhatsApp. Malipo hayahitaji barabara pana. Yanahitaji barabara ambayo haikatiki katikati ya safari. Ukiwa na kifurushi kikubwa na rauta nyuma ya televisheni, una barabara pana iliyokatika palepale.

Kifurushi kikubwa kina maana kama nyumba ina watu sita, wote wanatazama video usiku, na jaribio la waya limeonyesha unapata unacholipia na bado hakitoshi. Hapo nunua, hatukuzuii.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe, na hapa lazima tujinyooshee kidole. Siku ile malipo ya kwanza hayakushindikana. Ujumbe wa mama ulitoka, ukafika kwetu, pesa zikaenda shuleni. Kilichopotea ni jibu. Wi-fi ilikatika baada ya ombi kuondoka na kabla ya jibu kurudi. Programu yetu ilingoja, ikachoka kungoja, ikaandika "imeshindikana". Ukweli ni kwamba haikujua. Neno hilo lilimfanya mtu mzima mwenye akili timamu arudie malipo, kwa sababu sisi ndio tuliomwambia arudie.

Tunaamini kampuni yoyote ya malipo, tukiwemo sisi, haifai kuandika "imeshindikana" mpaka iwe na hakika. Kama haijui, iseme haijui: tunasubiri jibu, usirudie, utapata SMS. Na kama mtu ametuma kiasi kilekile kwa nambari ileile dakika mbili baadaye, mfumo umuulize kwanza kama ni malipo mapya. Tumelisema hili ndani ya nyumba yetu na tunalisema hapa nje ili mtushikilie. Wenzetu wengine watasema swali la ziada linachelewesha wateja. Sawa. Sekunde tano za kucheleweshwa haziwezi kulinganishwa na magunia ya mbolea.

Mpaka hayo yakamilike kila mahali, kinga iko mikononi mwako, na si ngumu. SMS ya uthibitisho haipiti kwenye intaneti. Inakuja kwa mtandao wa kawaida wa simu. Vilevile ile menyu ya kubonyeza nambari inayoanza na nyota haihitaji bando wala wi-fi. Inahitaji laini tu. Kwa hivyo kiduara kikizunguka zaidi ya kawaida, acha. Usibonyeze tena, usifunge na kufungua. Ngoja SMS. Kama ndani ya nyumba laini hushika kwa shida, kama kwa yule mama, toka nje mpaka getini. SMS zake mbili zilikuwa zimesubiri kuta tu. Ikipita dakika chache bila ujumbe, tumia ile menyu uangalie salio ama taarifa fupi ya akaunti. Salio limepungua? Pesa zimeenda, hata kama skrini ilikuambia vingine. Salio liko vilevile? Bado tunakushauri ungoje kidogo kabla ya kurudia, na ukirudia urudie kwa menyu hiyohiyo.

Kwa malipo makubwa, karo, kodi, pesa za stoki, tuna ushauri ambao ni wa kienyeji lakini haujawahi kutuangusha: zima wi-fi kwanza. Simu nyingi zina tabia ya kung'ang'ania wi-fi hata ikiwa imekufa ama iko mbali, zikikataa kuhamia data ya laini. Ajenti mwenye kibanda Kanduyi na nyumba yake iko nyuma tu ya kibanda anaijua hali hii. Simu inashika wi-fi ya nyumbani kwa baa moja, inaganda, mteja anangoja kaunta na wengine watatu nyuma yake. Akizima wi-fi, kila kitu kinaenda. Ajenti huyo wa Kanduyi hakosi intaneti, ana intaneti mbovu inayomzuia kutumia iliyo nzuri.

Ikiwa umeshalipa mara mbili, tupigie mara moja ukiwa na zile SMS zote mbili. Usizifute. Pesa zikiwa zimeenda kwa biashara ama shule, sisi hatuwezi kuzichomoa tu bila mwenye akaunti kukubali, na usiamini anayekuahidi kinyume. Lakini kadiri unavyowahi ndivyo mazungumzo yanavyokuwa mepesi.

Wanaojitokeza net ikipotea

Kuna watu wanaoishi kwa matatizo ya wi-fi yako. Umeandika kwenye ukurasa wa kampuni ya intaneti, mbele ya watu wote, kwamba net imepotea tangu jana Musikoma, na ukaweka nambari yako ya simu. Baada ya dakika kumi unapigiwa na sauti ya upole. "Habari yako mama, tunatoka kitengo cha mafundi. Tunaona laini yako iko chini. Kuna ada ndogo ya kuunganisha tena." Nambari anayokupa ya kutuma ni ya mtu binafsi. Ama hataki pesa kabisa, anataka tu umsomee tarakimu zilizoingia kwenye SMS yako "ili tureset".

Zile tarakimu ndizo mlango wa akaunti yako. Hakuna fundi wa intaneti anayezihitaji, na hakuna mtu wetu atakayekuuliza PIN, awe anakupigia kwa nambari yoyote ile. Bili ya intaneti lipia kwenye Paybill ileile uliyoilipia siku zote, kwa nambari ya akaunti yako. Na ukilalamika mtandaoni, weka nambari ya akaunti kwenye ujumbe wa faragha, sio hadharani. Hili linatuuma kwa sababu mtu anakuwa tayari amechoka, watoto wanasumbua, na sauti inayosema "tunaona laini yako iko chini" ni sauti aliyokuwa akiingoja siku nzima.

Kuna na aina ndogo ya hasara ambayo haifanani na wizi. Nywila ya wi-fi iliyopewa mgeni wa Krismasi, akampa mwenzake, sasa nusu ya ploti inatazama mechi kwa gharama yako. Badilisha nywila, na ubadilishe pia ile ya kuingilia kwenye mipangilio ya rauta, ambayo kwa wengi bado ni ile iliyochapishwa kwenye kibandiko. Vifaa vyako vyote vitatoka na utaviingiza upya kimoja kimoja. Ni usumbufu wa nusu saa.

Yule mama wa Matisi hatimaye alifanya jaribio la hatua mbili. Karibu na rauta, kila kitu kilifunguka. Chumbani hakuna. Rauta ilikuwa nyuma ya televisheni, juu ya stendi ya chuma, kando ya dirisha. Kijana wake aliihamishia kwenye kikorido, juu ya mlango wa stoo, kwa waya ambao fundi wa kampuni alikuja kuurefusha. Dukani getini bado haifiki, kwa hivyo akiwa dukani huzima wi-fi na kutumia laini. Mbolea aliipata kwa mkopo wa chama, na mahindi yalipandwa, ingawa aliyapanda nyuma ya wenzake.

Mwezi wa nne alitupigia tena. Alitaka kujua kama tunaweza kumrudishia kifurushi chake cha zamani, kwa sababu kile kikubwa alikuwa bado anakilipia na haoni tofauti. Tulimweleza kwamba hilo liko mikononi mwa kampuni yake ya intaneti, na kwamba aombe mabadiliko kabla ya tarehe ya bili inayofuata ili asitozwe mwezi mwingine. Ilikuwa imebaki siku nne.